Shekhar Mehta: mzaliwa wa Kampala aliyelishinda tope la Safari

Wapenzi wa mbio za magari humkumbuka kwa ushindi wake mara tano katika mashindano ya Safari. Lakini gari lililompa ushindi wa kwanza lilibuniwa kwa ajili ya barabara za lami, na ushindi wenyewe ulikuja miezi michache tu baada ya familia yake kuiacha Uganda.

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala tarehe 20 Juni 1945, katika ukoo wa Kihindi uliomiliki mashamba makubwa. Jina la ukoo huo lilijulikana nchini kote kwa sababu ya kiwanda cha sukari cha Lugazi, kando ya barabara iendayo Jinja, kilichoanzishwa mwaka 1924. Kijana wa nyumba kama hiyo angeweza kuridhika na kuhesabu magunia. Mehta alivutwa na usukani, na alipofikisha umri wa miaka 21 akaanza kushindana kwa gari aina ya BMW.

Mashindano yaliyotamaniwa na kila dereva wa eneo hili yalikuwa Safari ya Afrika Mashariki. Yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, ambapo vumbi la asubuhi huweza kuwa tope la jioni. Madereva walikwenda zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku chache, usiku na mchana. Barabara hazikufungwa: dereva aliyekuwa akiwania ushindi alikutana na lori, basi na kundi la ng'ombe kama msafiri mwingine yeyote. Kila dakika ya kuchelewa kufika kituo cha ukaguzi ilihesabiwa kuwa adhabu, na aliyekuwa na adhabu chache kuliko wenzake ndiye aliyeshinda.

Gari la lami kwenye njia ya udongo

Datsun 240Z iliingia sokoni mwishoni mwa mwaka 1969. Ilikuwa gari la michezo hasa: pua ndefu, paa la chini, viti viwili, na injini ya lita 2.4 yenye silinda sita. Kila gurudumu lilikuwa na springi na shokamzoba yake, hivyo gurudumu moja lilipoingia shimoni lile la upande wa pili halikulazimika kuyumba nalo. Sifa hiyo ndiyo iliyolifanya lifikiriwe kwa Safari.

Tatizo lake lilikuwa hewa. Gari lilipokwenda kasi sana, upepo ulipenya chini ya pua na kuinua sehemu ya mbele. Magurudumu ya mbele yalipungukiwa na uzito, na usukani ukawa mwepesi mikononi mwa dereva kuliko inavyofaa. Kwa barabara za lami na viwanja vya mbio dawa yake ilifahamika: kufunga kizuizi cha hewa chini ya bampa la mbele, kuweka spoila nyuma, na kulishusha gari likaribie ardhi. Mwaka 1971 kampuni ya Nissan ilitoa huko Japani toleo lenye pua iliyorefushwa ili likate upepo vizuri zaidi.

Safari ilidai kinyume chake. Kizuizi kinachoning'inia karibu na ardhi kingeng'olewa na jiwe la kwanza. Gari lililoshushwa lingekwama kwenye tuta la udongo lililoachwa katikati na magurudumu ya malori. Kwa hiyo mafundi walilipandisha juu, wakafunga springi ngumu zaidi na shokamzoba nzito, wakaimarisha bodi, na kuweka bamba la chuma chini ya injini. Kila hatua ilikuwa na gharama. Gari lililopandishwa huinama zaidi kwenye kona, kwa kuwa uzito wake umekaa juu, na hewa nayo hupata nafasi kubwa zaidi ya kupita chini yake. Ugonjwa wa asili haukutibiwa. Kwa namna fulani uliongezwa. Kilichobaki aliachiwa dereva.

Shokamzoba ndizo zilizoteseka zaidi. Kwenye barabara yenye vijituta vilivyopangana kama bati, hupanda na kushuka mara nyingi mno ndani ya dakika moja. Mafuta yake hupata moto, huwa mepesi, na hatimaye hushindwa kuizuia springi. Kuanzia hapo gari huruka badala ya kukimbia, na breki hazisaidii, kwa sababu gurudumu lililo hewani halina la kushika. Dereva wa Safari alipaswa kuisikia hali hiyo ikianza, kabla mambo hayajaharibika. Huenda hiyo ndiyo karama kubwa zaidi ya Mehta: alijua ni lini alihurumie gari.

Mwaka 1971 yeye na msomaji wake wa ramani, Mike Doughty, walimaliza wa pili, nyuma ya Edgar Herrmann na Hans Schüller waliokuwa nao katika 240Z. Mwezi Agosti mwaka uliofuata, Idi Amin alitangaza siku 90 za Waasia kuondoka Uganda. Familia ya Mehta ikahamia Kenya.

Pasaka ya mwaka 1973 haikuwa imetimiza hata miezi sita tangu muda ule kwisha. Mehta, safari hii akiwa na Lofty Drews, aliingia tena katika 240Z. Mwaka huo ubingwa wa dunia wa mbio za rali ulikuwa umeanzishwa, na Safari ilikuwa sehemu yake. Hesabu zilipofungwa, yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun nyingine, walilingana kwa dakika za adhabu. Mehta ndiye aliyepewa ushindi, kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu ya kwanza. Katika njia iliyovunja magari mengi kiasi hicho, kusawazisha kwa dakika ni jambo la kushangaza. Mwaka 1974 jina la Afrika Mashariki liliondolewa, yakabaki kuwa mashindano ya Safari tu.

Ushindi wake mwingine wa Safari ulipatikana kwa gari lisilo na mvuto wa sura. Datsun 160J, iliyoitwa pia Violet, ilikuwa gari la kawaida la abiria. Nyuma ilikuwa na ekseli moja nzima iliyobebwa na springi, muundo wa kizamani kidogo ukilinganisha na wa 240Z, lakini imara, na fundi aliweza kuushughulikia haraka kando ya barabara. Mehta na Doughty walishinda mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo. Mwaka 1979 walimtangulia Hannu Mikkola, aliyekuwa na Mercedes ya lita tano. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl, ambaye msimu huohuo alitwaa ubingwa wa dunia. Idadi ya ushindi wa Mehta katika Safari haijapitwa na dereva yeyote.

Mwaka 1987, akiendesha Peugeot 205 katika mbio za Mafarao nchini Misri, Mehta alipata ajali iliyokaribia kumuua. Ilikatisha maisha yake ya mashindano. Baadaye aliingia katika uongozi wa shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, na kuiongoza tume yake ya rali. Akiwa hai aliishuhudia Safari ikiondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Ilirejeshwa mwaka 2021.

Shekhar Mehta alifariki dunia London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Zilikuwa zimebaki siku nne kufika Pasaka.