Omondi wa Kampala, Mtoto Aliyedaiwa na Homa Bay

WASOMAJI wenye mvi wataukumbuka mwezi wa Machi mwaka 1978, wakati Kombe la Mataifa ya Afrika lilipochezwa kule Ghana. Mimi nilikuwa kijana wa shule hapa Homa Bay, na betri za redio ya mzee wangu zilikwisha kabla ya siku zake kwa sababu yangu. Kenya haikuwamo. Tanzania haikuwamo. Katika timu nane zilizofika huko, sisi wa kandokando ya ziwa tulikuwa na Uganda peke yake, na ndani ya Uganda alikuwamo kijana mmoja mwenye jina la kwetu: Phillip Omondi.

Jina hilo ndilo lililozusha kelele. Kwa Wajaluo, Omondi ni mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri, kama Otieno alivyo wa usiku na Okoth wa wakati wa mvua. Basi wachuuzi wa samaki pale gatini walimdai kuwa mtoto wao. Jamaa waliotoka Migori nao waliapa kuwa ukoo wake u kwao, na kila mmoja alikuwa na shangazi aliyeolewa Kampala wa kumtolea ushahidi. Mimi nasema jina si cheti cha kuzaliwa. Wajaluo na ndugu zao wa karibu wamo Kenya, wamo Mara nchini Tanzania, wamo Uganda, na kazi za mjini ziliwavuta wengi hadi Kampala miaka mingi kabla ya bendera za uhuru kupandishwa. Lakini nani angethubutu kuwaambia hayo wazee wa gatini?

Tena ilikuwa miaka ya milango kufungwa. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ni ya Uganda. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake nasi, hata watu wa Migori waliokuwa wakivuka Isebania kwenda kusalimia wakwe wakaambiwa warudi. Kumshangilia mchezaji wa Uganda katika siku hizo kulikuwa na ukaidi kidogo ndani yake.

Omondi alizaliwa mwaka 1957. Klabu yake, KCC, ilianzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa Baraza la Jiji la Kampala, wale wa idara ya maji machafu, na mashabiki wa klabu kubwa hawakuacha kuwakumbusha asili hiyo. Kijana huyo alipoingia kikosini katikati ya miaka ya 1970, dhihaka zilipungua. KCC ilitwaa ubingwa wa Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 1976, ikaurudia mwaka 1977, na mwaka 1978 ikawa bingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati. Timu ya taifa nayo ilichukua Kombe la Chalenji mwaka 1976 na 1977.

Nirudi Ghana, maana hapo ndipo utamu ulipo. Uganda, chini ya kocha Peter Okee na nahodha Jimmy Kirunda, ilianza kwa kuifunga Congo 3-1. Ikachapwa na Tunisia 3-1, tukainamisha vichwa. Mchezo wa tatu ulikuwa dhidi ya Morocco, waliokuwa mabingwa wa Afrika wa mwaka 1976, na hakuna aliyetupa nafasi. Uganda ikashinda 3-0. Katika nusu fainali mjini Kumasi walikutana na Nigeria ya Segun Odegbami, winga mrefu aliyewatesa walinzi wa bara zima. Uganda ilitangulia, Nigeria ikasawazisha, kisha dakika chache baadaye Omondi akatia la pili. Nakumbuka mzee wangu, ambaye hakuwa mtu wa kandanda, aliuliza huyo Omondi ni wa nani. Nikamjibu ni wa kwetu. Akaridhika, na betri mpya zikanunuliwa.

Fainali ilichezwa Accra, na wenyeji wakashinda 2-0, mabao yote mawili ya Opoku Afriyie. Ghana ilikuwa ya kwanza kulitwaa kombe hilo mara tatu, ikalichukua moja kwa moja. Omondi alimaliza na mabao matatu, sawa na Afriyie na Odegbami, wakawa wafungaji bora wa mashindano. Uganda haikurudi tena katika fainali hizo hadi mwaka 2017 kule Gabon. Miaka 39!

Baada ya hapo ikaja vita. Aprili 1979 Amin aliangushwa, na wachezaji wa Uganda walikuwa wakitawanyika kutafuta riziki. Hapa kwetu wengi waliomba dua kwamba Omondi aje Gor Mahia, klabu iliyopewa jina la yule mganga mashuhuri wa Kanyamwa, hapa hapa Ndhiwa. Mwaka huo huo wa 1979 Gor ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika ikakung'utwa na Canon Yaoundé ya Cameroon jumla ya mabao 8-0, na nilisikia watu wazima wakisema kwamba Omondi angekuwapo mambo yangekuwa mengine. Nina shaka. Mabao manane ni mengi.

Yeye alikwenda Ghuba, kuchezea klabu ya Sharjah katika Falme za Kiarabu, nchi changa iliyoundwa mwaka 1971 na yenye fedha za mafuta. Wako waliomlaumu kwamba ameuza kipaji chake mchangani. Mwaka huo huo Cha Bum-kun, winga wa Korea Kusini, alijiunga na Eintracht Frankfurt ya Ujerumani, na mwaka 1980 akatwaa nayo Kombe la UEFA, dunia ikamjua. Kwa mchezaji wa Kampala wa wakati ule barabara ya Ulaya ilikuwa nyembamba sana; ya Ghuba ilikuwa wazi na ililipa. Mguu wa mchezaji una miaka kumi, pengine kumi na miwili. Mimi siwezi kumlaumu mtu aliyekwenda kuuza jasho lake panaponunuliwa, ingawa nakiri kwamba siku hizo nilinuna pamoja na wenzangu.

Mwaka 1983 alirudi KCC, na klabu ikawa bingwa mwaka huo na tena mwaka 1985. Alipotundika viatu akawa mwalimu wa mpira. Alifariki Aprili 1999.

Uwanja wa KCC pale Lugogo ulipewa jina lake. Niliwahi kupita hapo nikiwa na safari zangu Kampala, nikasimama langoni nikitazama jina lile. Mlinzi aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Homa Bay, akataka kujua kama mimi ni wa ukoo wa marehemu. Nilikaa kimya kidogo, nikawakumbuka wazee wa gatini, kisha nikamwambia ndiyo. Akanifungulia lango.