Mwalimu wa Kaluga na Safari ya Angani

Konstantin Tsiolkovsky alizaliwa mwaka 1857 katika kijiji cha Izhevskoye nchini Urusi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi aliugua homa kali ya vipele, akapona akiwa na uziwi mkubwa. Kwa kuwa hakuweza kumsikia mwalimu, masomo ya shuleni yalimshinda. Alipotimiza miaka 16 baba yake alimpeleka Moscow, na huko akajielimisha kwa miaka mitatu katika maktaba. Mwaka 1879 alifaulu mtihani wa ualimu, akafundisha hesabu na jiometri katika mji mdogo wa Borovsk. Mwaka 1892 akahamia Kaluga.

Alivutiwa na hadithi za Mfaransa Jules Verne, ambaye mwaka 1865 alisimulia kisa cha watu waliofyatuliwa kwa mzinga kuelekea mwezini. Tsiolkovsky hakuikejeli hadithi hiyo wala hakuiamini tu, bali aliipigia hesabu. Mzinga hutoa mwendo wote kwa ghafula. Kwa hiyo abiria wangepondeka papo hapo. Roketi huongeza mwendo hatua kwa hatua kwa kusukuma gesi nyuma yake, tena haihitaji hewa ya kuegemea. Mwaka 1903 alichapisha hesabu za mwendo huo, akapendekeza fueli ya haidrojeni na oksijeni katika hali ya kimiminika.

Yeye mwenyewe alitunga hadithi za anga, na darasani alitumia vifaa alivyoviunda kwa mikono yake. Alifariki mwaka 1935, kabla ya chombo chochote kuizunguka dunia. Sputnik iliruka mwaka 1957. Roketi ya Marekani iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969 ilitumia haidrojeni na oksijeni katika sehemu zake za juu.

Mwanachuo na azingatie haya. Mtoto akileta darasani hadithi ya ajabu, usimnyamazishe. Mwulize ni kitu gani kingeizuia safari hiyo. Kisha jaza puto hewa, uliachie, na watoto waone jinsi hewa inavyotoka nyuma na puto kwenda mbele. Na yule asiyejibu akiitwa, usiharakishe kumhesabu mjinga. Msogeze mbele, umtazame usoni unaposema. Huenda hakukusikia.