Daktari John Kirk na Mbungo

Sisi wa Mchikichini twaishi mahali penye jina la mti, na mabungo yakiiva twayanunua sokoni Kariakoo kwa sharubati. Huenda si wengi wamjuao mtu aliyesaidia kuupambanua mbungo na jamaa zake.

John Kirk alizaliwa Barry, Scotland, mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1858 alifuatana na Dr. Livingstone katika mto Zambezi, akiwa tabibu na mchunguzi wa mimea. Mwaka 1866 alifika Unguja, na baadaye akawa Balozi wa Uingereza huko.

Siku hizo mpira wa Afrika ulitokana na utomvu wa mimea itambaayo juu ya miti ya msituni. Mimea hiyo yafanana sana kwa majani, maua na utomvu mweupe, na wataalamu wa Ulaya waliiita Landolphia. Wenyeji wa pwani waliokwisha kuijua walikuwa na majina yao. Kirk alikusanya majani, maua na matunda, akayapeleka bustani ya Kew, London. Ikabainika kwamba mbungo una tunda zuri lakini mpira hafifu. Mmea mwingine wa pwani hii ndio wenye mpira bora, nao ukaitwa Landolphia kirkii. Miaka mingi baadaye mbungo ulitolewa katika jamii hiyo, ukawekwa katika jamii ya Saba.

Kirk alitumaini kwamba biashara ya halali ingeondoa biashara ya wanadamu. Tarehe 5 Juni 1873, baada ya vitisho vya manowari za Uingereza, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na hapo likajengwa Kanisa Kuu la Kristo.

Lakini tusifiche upande wa pili. Huko Kongo, chini ya Mfalme Leopold, kati ya 1885 na 1908, utomvu wa Landolphia ulikusanywa kwa mijeledi na bunduki, na watu wengi mno wakafa. Mimea ilikuwa ya jamii ile ile. Biashara nayo iliitwa halali.

Kirk alifariki mwaka 1922. Tangu Edeni mwanadamu alipewa kazi ya kutoa majina, na pia kazi ya kutunza. Tunywapo sharubati ya mabungo, tumshukuru Mungu kwa ile ya kwanza, tukajiulize tumeifanyaje ile ya pili kwa jirani zetu.