Rüter: Fundi aliyeiokoa Liemba kwa grisi

HISTORIA ya Kigoma haiwezi kukamilika bila kumtaja Anton Rüter, fundi Mjerumani wa kiwanda cha meli cha Meyer, mjini Papenburg.

Yeye na wenzake wawili walitumwa Kigoma kuunganisha meli ya Graf von Goetzen, iliyosafirishwa vipande vipande katika makasha yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli. Iliteremshwa majini Februari 5, 1915.

Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kuuhama mji, iliamriwa izamishwe isije ikaangukia mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha kazi ya mikono yake, Rüter alizipaka injini grisi nene.

Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado nzima. Mwaka 1927 ilirejea ziwani kwa jina la Liemba, ikaendeshwa kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli.

Kwa mwenye mashine ya kukata majani au trekta dogo la bustani, awe Gungu au Ujiji, funzo ni moja: chuma kisichotunzwa huliwa na kutu hata kikiwa ghalani.