Makhan Singh, Katibu wa Wafanyakazi

Wako wanafunzi wanaoweza kutaja majina ya wafungwa sita wa Kapenguria bila kukwama, lakini ukiwauliza Makhan Singh alikuwa nani wanatazamana. Kwa kuwa naye alikuwa kijana wa shule hapa hapa Nairobi, inafaa maisha yake yasimuliwe katika kurasa hizi.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab. Baba yake, Sudh Singh, alitangulia kuja Kenya akiwa fundi wa reli, na mwaka 1927 mtoto akamfuata. Darasani alikuwa mwepisi, hasa katika hesabu, lakini alipomaliza mwaka 1931 fedha za kumpeleka ng'ambo hazikupatikana. Akaingia katika kiwanda cha chapa cha baba yake. Basi huyu aliyekuja kuwasumbua matajiri alikuwa mwenyewe mtoto wa mwajiri.

Msomaji kijana hana budi kujua hali ya kazi ilivyokuwa siku hizo. Mwafrika mwanamume alilazimishwa kubeba kipande, na ndani yake aliandikwa mwajiri wake na mshahara wake. Kwa sheria ya bwana na mtumishi, mtu aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha hakuwa amevunja mapatano tu. Alikuwa ametenda kosa, na angeweza kupelekwa jela. Wakubwa walipenda kusema kwamba biashara ni huru. Ilikuwa huru kwa anayenunua kazi, na mwenye kuiuza hakuwa na ruhusa hata ya kuiondoa sokoni. Mafundi wa Kihindi hawakubeba kipande, lakini nao walifanya kazi saa nyingi kwa malipo ambayo tajiri aliyapanga peke yake.

Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 21, Makhan Singh alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Jambo lake la kwanza kubwa lilikuwa kukibadilisha jina na kufungua mlango wake kwa watu wa kila rangi. Katika Kenya ya siku zile, ambapo hata vyoo viligawanywa kwa rangi, hatua hiyo iliwatia wasiwasi watu wengi, Wahindi wenzake wakiwamo. Wanachama wa Kiafrika hawakumiminika siku moja, na kwa muda mrefu wengi walikuwa bado mafundi wa Kihindi. Lakini mlango ulikuwa wazi.

Mwaka 1936 chama kilidai siku ya kazi ya saa 8. Mwaka 1937 kikagoma Nairobi kwa siku 62 kudai nyongeza ya mshahara, na waajiri wakakubali kuongeza. Wengi wa waajiri hao walikuwa watu wa jamii yake mwenyewe, wa kusali naye na kula naye harusini. Mwaka huo huo serikali ilitunga sheria ya vyama vya wafanyakazi. Tangu hapo chama kilipaswa kusajiliwa, na kalamu ya msajili ikawa na nguvu kushinda rungu.

Mwishoni mwa 1939 alikwenda India. Huko Waingereza walimweka kizuizini mwaka 1940, akakaa humo miaka ya vita. Aliporudi Kenya mwaka 1947 serikali ilijaribu kumfukuza nchini, ikashindwa. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama kadhaa katika East African Trade Union Congress, Kubai akiwa rais na yeye katibu. Msajili alikataa kuuandikisha muungano huo.

Aprili 1950, katika mkutano wa hadhara Kaloleni, alisimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa. Nairobi ikagoma kwa zaidi ya wiki moja. Wafanyakazi walitaka viongozi wao waachiwe, na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Walijibiwa kwa gesi ya kutoa machozi na magari ya deraya. Kesi yake ilisikilizwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yule yule ambaye baadaye alimhukumu Kenyatta. Kisha Gavana akaagiza azuiliwe mbali na watu: Lokitaung, Maralal, Dol Dol. Alikaa huko miaka 11 na miezi mitano, hakuachiwa hadi Oktoba 1961, wakati Kenyatta alikuwa amekwisha kutoka.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 hakupewa cheo chochote serikalini. Wako waliomwonea uchungu kwa hilo, nami ni mmoja wao. Yeye alikaa na makaratasi yake, kumbukumbu za mikutano na matangazo ya migomo aliyoyahifadhi kwa uangalifu wa mtu wa chapa, akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952. Kitabu kilitoka mwaka 1969. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973, akiwa na miaka 59, na sehemu ya pili ya historia hiyo ilichapwa mwaka 1980.