Bibi Tinubu wa Abeokuta

Katika nchi ya Wayoruba, iliyomo Nigeria, wanawake ni washika masoko tangu zamani. Miongoni mwao alitokea Bibi Efunroye Tinubu, aliyeuza chumvi na tumbaku huko Badagry hata akatajirika. Lakini aliuza watumwa pia, na doa hilo halifichiki.

Mwaka 1856 balozi wa Kiingereza, kwa kuzichelea nguvu zake, alishikilia afukuzwe Lagos. Akahamia Abeokuta, na jeshi la Dahomey liliposhambulia mji huo mwaka 1864, aliwapatia watetezi silaha na baruti. Wakamtukuza kwa cheo cha Iyalode, mkuu wa wanawake. Alifariki mwaka 1887.

Ndugu msomaji, mali ya mwanamke yaweza kuwa ngome ya mji. Basi tusimfungie mlango wa biashara. Tumfunze achume kwa haki.