Ibn An-Nafis: Faqihi Aliyeijua Njia ya Damu

Sisi watu wa visiwani tunasoma fiqhi ya Imamu Shafi tangu utotoni. Lakini wachache wetu tunajua kwamba faqihi mmoja wa madhehebu hayo ndiye aliyeeleza namna damu inavyopita katika mapafu. Naye ni Alauddin Ibn An-Nafis, Allah Amrehemu.

Alizaliwa Sham, karibu na Damascus, mwanzoni mwa karne ya 13. Alisomea utabibu katika hospitali ya An-Nuri, kwa mwalimu wake Ad-Dakhwar, kisha akahamia Misri. Huko Cairo akawa tabibu mkubwa, na akasomesha fiqhi katika madrasa ya Al-Masruriyya.

Zama hizo matabibu walimfuata Galen, Mgiriki aliyetangulia kwa miaka 1,000 na zaidi. Yeye alidai kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kupitia vitundu vya ukuta wa katikati. Ibn An-Nafis, katika sharhe yake ya mwaka 1242 juu ya kitabu cha Ibn Sina, Al-Qanun, alikhalifu. Alibainisha kuwa ukuta huo ni mnene na hauna tundu: damu hutoka kulia kwa ateri, hukutana na hewa katika mapafu, kisha hurudi kushoto kwa vena. Hakuwatukana waliomtangulia, alileta hoja.

Elimu ya leo ya ukuaji wa mimba inatuonesha zaidi. Katika wiki ya tatu tangu mimba kutunga, mishipa huanza kama wavu mwembamba. Moyo ukianza kupiga, wavu ule hupangika, mingine ikawa ateri na mingine vena. Ukuta baina ya vyumba viwili vya chini vya moyo nao hujengeka polepole, ukafungika kiasi cha wiki ya nane. Usipofungika, mtoto huzaliwa na tundu la moyo. Kwa hiyo alichokidhani Galen kuwa maumbile ya kila mtu, kumbe ni maradhi. Mzazi akimwona mwanawe anahema kwa shida akinyonya, au haongezeki uzito, asingoje, ampeleke hospitali. Matundu mengine hujifunga yenyewe, mengine huhitaji upasuaji.

Ibn An-Nafis alifariki Cairo mwaka 687 Hijria (1288). Imesimuliwa kwamba katika maradhi yake ya mwisho alishauriwa anywe mvinyo kama dawa, akakataa, asije akakutana na Mola wake nao ukiwa mwilini mwake. Nyumba na vitabu vyake aliviacha wakfu kwa hospitali ya Al-Mansuri.

Maelezo yake juu ya damu yalisahauliwa na wengi, hadi mwaka 1924 tabibu wa Kimisri aliyekuwa akisoma Ujerumani, Muhyiddin At-Tatawi, alipoyafufua kutokana na nakala iliyohifadhiwa Berlin.

Basi tuwafunze watoto wetu kuwaheshimu wanavyuoni, na pia kuuliza dalili. Ibn An-Nafis aliyakusanya yote mawili.